Kikwembe chako juu ya barafu

Mama yangu mpenzi,

Huku pwani ya Kanada maji yanayorukia mawe yanaganda, tabaka juu ya tabaka, kama vikwembe vilivyokunjwa ndani ya sanduku lako huko Kavimvira, kando ya ziwa. Mume wangu, mzuri kuliko wote, alitaka kupiga foto ukingoni kabisa. Nikampitishia kiunoni kile kikwembe cha kubebea mtoto ulichonipa siku ya ndoa, nikashika ncha zote mbili.

“Weye, rudi, wimbi linakuja!”

“Bado foto moja tu, sheri, mpenzi wangu.”

Akateleza. Miguu ikaning’inia juu ya maji. Nilivuta huku nikiita jina lako, mpaka akapanda.

Kikwembe kimepasuka kidogo, nisamehe. Mtoto wa kwanza kubebwa nacho ni mkwe wako.

Utuwekee joto la ziwa letu.

Furaha wako