Vidonge Chini ya Mto wa Bibi

Mjomba,

Shikamoo. Vidonge vya presha mpe Bibi kila asubuhi, hata akisema hajambo. Dawa hii hulinda ikimezwa kila siku, haingoji kichwa kiume. Akisahau, asimeze viwili kwa mpigo.

Leo nilipotandika kitanda chake nilivikuta vimejaa chini ya mto. Nikamfokea kama wakufunzi wanavyotufokea chuo cha uuguzi. Akanijibu taratibu, "Nikiwa mzima, wewe huji." Nilimkumbatia mpaka basi likanipita.

Chai yake iko kwenye chupa.

Mwambie nitakuja ~~mitihani ikiisha~~ Jumamosi hii, awe mzima asiwe mzima. Hata mlango sijaufunga, nimeshaanza kumkumbuka.

Mpwa wako