Mvua ya Tarehe Ishirini na Tisa

Ruangwa, 6 Machi 2025

Mjomba Mikidadi,

Shikamoo. Natumaini funga inakwenda vizuri na goti halikusumbui unapoinuka kwenye swala. Mimi mzima, ni kiu tu ya saa tisa alasiri.

Nakuandikia kwa karatasi na kuipitisha kwa kondakta wa basi kwa sababu Lukumani, karani mwenzangu hapa ofisi ya wilaya, amekaa meza ya pili, na simu yangu huisikia kabla yangu.

Kazi imeongezeka. Kila asubuhi inaletwa taarifa ya hali ya bahari, nami naiandika upya kwa maneno mepesi ibandikwe kwenye ofisi za kata: mawimbi yamefika mita ngapi, upepo unatoka wapi, maji yana joto kiasi gani. Msimu huu bahari imechemka huko kusini, kati ya Msumbiji na Madagaska. Mzee mmoja wa Nanganga aliniuliza, "Binti, sisi tunalima ufuta. Hayo mawimbi tuyapalilie?" Nikamwambia mvua yetu inapikwa huko. Hakuniamini.

Sasa nina swali dogo. Kadi yako ya vipimo vya mvua vya Februari inaonyesha milimita kumi na mbili tarehe ishirini na tisa. Mjomba, Februari hii iliishia ishirini na nane. Labda kalamu iliteleza. Niandikie tu kwamba iliteleza, nami nitaamini.

Halafu bahasha ya kadi hiyo ilifika gundi imefumuliwa, ikafungwa upya kwa uji. Nani aliishika kabla yangu?

Mpwa wako,
Sabaha

Marambo, 11 Machi 2025

Mpwa wangu Sabaha,

Marahaba. Tunafunga, tunashukuru. Goti ni lilelile.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikitafuta nani amekutuma. Mwaka wa sita huu nachunga kipima mvua, kila siku saa tatu asubuhi, hata siku tuliyomzika mke wangu. Kijiweni wananiita Bwana Milimita. "Bwana Milimita, leo mbingu imekupimia kilo ngapi?" Navumilia. Leo na wewe, niliyekulipia ada mpaka kidato cha sita, unanihesabia siku.

Hiyo tarehe ni uzee. Ifute. Bahasha usiiulize.

Na taarifa zenu za bahari, mwaka juzi mlisema kimbunga kinakuja. Tukafunga mapaa kwa kamba, tukalala ndani na kuku. Hakikuja hata kikohozi. Naanza kudhani vimbunga mnavitunga wenyewe hapo mezani.

Msalimie mama yako huko Chunyu.

Mjomba wako,
Mikidadi

Ruangwa, 17 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Najua umekasirika, na mwezi huu si wa kumkasirisha mtu. Nisamehe. Afya yangu nzuri, ila usingizi umenikimbia.

Sikuifuta ile tarehe. Niliingia stoo ya majalada nikatoa kadi zako za mwaka jana. Mwaka jana Februari ilikuwa na siku ishirini na tisa, na siku hiyo ya mwisho ulipima kumi na mbili. Nikaendelea kulinganisha. Tangu tarehe 20 Januari, mvua yako ya mwaka huu ni ile ya mwaka jana, tone kwa tone.

Mwandiko ni wako, naujua mkia wa saba yako. Ndiyo maana naogopa. Kuna anayekulazimisha? Kipima kimeibiwa? Gilasi ya kupimia niliisainia mimi, na mkataba wangu unaisha Juni. Hapa hawajui kwamba wewe ni mjomba wangu. Kadi nimeificha mkobani, chini ya kanga. Leo Bwana Kassian, mkuu wetu, ameuliza, "Kadi ya Marambo imekwenda kuhiji?" Lukumani akacheka, kisha akautazama mkoba wangu. Nadhani anajua.

Na bahari haingoji tumalize kutiliana shaka. Umezaliwa mgandamizo mdogo wa hewa juu ya maji ya nyuzi ishirini na tisa, unasukuma mawimbi ya mita nne na kuelekea pwani yetu. Mvua inatarajiwa Ijumaa. Watu wa bondeni Chunyu huhamishwa pale tu kipimo cha Marambo kinapopita milimita hamsini, kwa kuwa maji ya kwenu ndiyo yanayoshuka kwetu. Nimemwomba Mama ahame mapema. Amesema anangoja kipimo cha kaka yake.

Tarehe 22 Machi mwaka jana uliandika sifuri. Jumamosi hii utaandika nini?

Mpwa wako,
Sabaha

Marambo, Jumamosi 22 Machi 2025, saa tatu na robo asubuhi

Sabaha,

Leo salamu fupi. Tu wazima. Mtandao umekatika tangu jana, namtuma Harithi, kijana wa hapa kijijini, kwa bodaboda.

Gilasi ilivunjika tarehe 20 Januari. Mikono inatetemeka siku hizi, ikaniponyoka juu ya jiwe. Uliisainia wewe, nikaona nikisema utafukuzwa kwa ajili yangu. Nikajiambia mvua ya mwaka huu na ya mwaka jana ni ndugu, nani atazitofautisha. Hakuna aliyenilazimisha. Bahasha niliifumua mimi mwenyewe. Nilikuwa nimeuandika ukweli, nikaufunga, kisha nikautoa.

Kipima kimekaribia kufurika. Nimepima kwa kikombe cha kahawa cha baada ya futari: vikombe kumi na saba na nusu. Kikombe chenyewe ndicho hicho ndani ya kitambaa. Kijaze, ukimimine kwenye gilasi ya hapo ofisini, ujue kimoja ni milimita ngapi. Mimi usiniamini. Kiamini kikombe.

Mtoe dada yangu bondeni.

Mikidadi

Ruangwa, 25 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Mama mzima. Yuko kwangu, anakorofishana na jiko langu na kuwalilia kuku watatu.

Harithi alifika kabla ya saa sita, ameloa mpaka kwenye soksi. Kikombe nilikijaza mbele ya wote. Bwana Kassian akasema, "Karani, mwezi wa Ramadhani unatuletea kahawa?" Nikamimina. Maji yakasimama kwenye tano. Mara kumi na saba na nusu: themanini na saba na nusu.

Nikatoa kadi mkobani nikasema yote, hata kwamba wewe ni mjomba wangu. Bwana Kassian alisimama akaita dereva. Saa saba gari la matangazo lilikuwa Chunyu. Alasiri maji yalifika kwenye dirisha la Mama, na ndani hapakuwa na mtu. Aliyembeba Mama mgongoni kuvuka tope ni Lukumani. Aliniambia, "Zipu ya mkoba wako imekatika tangu mwezi uliopita. Nilikuwa naona haya kukwambia."

Nimepewa barua ya kujieleza. Ya Juni siyajui. Gilasi mpya imo kwenye kifurushi hiki, safari hii ameisainia Bwana Kassian.

Nisamehe kwa hili la mwisho, Mjomba. Kadi yako ijayo ikija, nitatoa kwanza ya mwaka jana. Sitaweza kujizuia.

Mpwa wako,
Sabaha

Marambo, 2 Aprili 2025

Mpwa wangu Sabaha,

Marahaba. Idi tumeila salama, goti limepumzika. Mwambie mama yako kuku wawili nimemtengea, mitetea wote.

Gilasi siishiki tena. Jirani yangu Raudha anamimina, mimi nainama nasoma, na yeye anasoma baada yangu. Tukitofautiana tunasoma upya. Kijiweni sasa wanasema Bwana Milimita amepata mkaguzi.

Usijizuie. Itoe kadi ya mwaka jana, uiweke kando ya hii. Humo, tarehe mbili Aprili, niliandika kumi na nne.

Leo ni sifuri.

Mjomba wako,
Mikidadi