Mpiga Dramu wa Radi ya Ziwa

Shikamoo Dada Koku!

Huku Mwanza jua kali, na sato wa kukaanga nawamaliza mpaka paka wa hapa wamenichukia. Sasa sikia! Nimempata Mzee Masalu, mpiga gitaa wa ile bendi tunayoipenda, Radi ya Ziwa. Siku hizi anashona viatu Mkuyuni. Kaahidi kunipa picha ya bendi niibandike kwenye daftari langu la historia yao, ila asikute uongo. Nikamsomea yote, hadi zile kurasa mbili za kusifia dramu ya ajabu katikati ya wimbo wao ulio kwenye kanda yetu.

"Dramu gani, kijana? Siku tuliyorekodi mpiga dramu alikuwa anaumwa!"

Nikamwekea kanda yetu. Akacheka mpaka sindano ikamdondoka. "Hicho ni kinu! Nani anatwanga?"

Dada, ni wewe na karanga zako! Si nilirekodi kutoka redioni pale jikoni, nikakuomba uache, ukagoma? Nikataka kuchana kurasa. Mzee akanizuia: "Ziache. Huyo anakwenda na gitaa langu vizuri kuliko yule wetu."

Picha kanipa, na nyuma kaandika jina lako pamoja na majina ya wanabendi wenzake. Msalimie Mama, na kinu usimwazime mtu!

Mdogo wako,
Byaru