Damu ya Fadhil Ni Safi

Jumatatu, 2 Machi 1987
Mume wangu Fadhil karudi safari jana na sabuni na doti za kanga. Leo kaamka anatapika tena, kichwa kinamuuma. Nikampa uji. Akasema ahsante Khairat. Mimi naitwa Tuhfa! Khairat ndiye nani? Ati mama ntilie wa Horohoro, pale mpakani. Kisha akageukia ukutani. Haya. Mimi huku namwombea salama ya njiani, kumbe mwenzangu anapakuliwa.

Jumatano, 4 Machi
Kavaa kiatu mguu mmoja, ndara mguu wa pili. Kajigonga mlangoni, bega la kushoto. Kalishwa kitu huyu, si bure. Nikikaa kushoto kwake ni kama sipo. Nimejifukiza udi, nimevaa kanga mpya — hakugeuka. Naumia.

Ijumaa, 6 Machi
Kaanguka akitoka msikitini. Hospitali. Sindano hawana, tumenunua dukani. Kutoa damu. Jirani yangu Benedikta yuko maabara, nikamvuta kando: pima na kaswende. Akasema mgonjwa wa kichwa hupimwa tu — malaria, sukari, kaswende, ndio utaratibu.
Kaswende ikitoka, nakwenda Horohoro mwenyewe, huyo Khairat anitambue. Nimeomba itoke. Wallahi nimeomba, hata kama na mimi ninayo.

Jumamosi, 7 Machi
Haikutoka. Malaria hakuna, sukari sawa, kaswende hakuna. Nikamwambia Benedikta warudie.
Daktari kaniita. Damu ni safi, na hilo ndilo linalomtia wasiwasi. Ingekuwa na kitu wangejua pa kuanzia. Kamulika macho, kaona kumevimba nyuma ya jicho. Anahofia uvimbe ndani ya kichwa, upande wa kulia, ndiyo maana Fadhil haoni vya kushoto. Damu peke yake haithibitishi, mpaka picha, na mashine hiyo Tanga hakuna. Anaandika rufaa ya Dar.
Nikauliza tena: kaswende hakuna kweli? Akaendelea kuandika.
Ningeipokea kwa mikono miwili. Kaswende ina sindano yake.

Jumatatu, 9 Machi
Khairat kaja wodini na chupa ya uji. Mzuri, Mungu anisamehe, na ana adabu. Kaniamkia, kakaa ukingoni. Ati Fadhil alishaanguka kwake mara mbili tangu mfungo sita, akamwapisha asiseme. Kwa hiyo yeye alijua! Maradhi ya mume wangu, kayajua yeye kwanza. Nilitaka kumtoa na chupa yake.
Fadhil akafumbua macho. Nilikuwa nimehamia kulia kwake, anione. Akanitazama mimi, akaita: Khairat.
Khairat mwenyewe akainamisha kichwa.
Nikaitika abee.
Akanishika mkono. Akasema Tuhfa asiambiwe.
Nikamwambia hataambiwa. Asiambiwe lipi, sikuuliza. Khairat bado kaketi pale, hanitazami, na Fadhil mkono wangu hajauachia.