Kiti cha Mama Kule Savaii

Savaii, 9 Februari

Dada Fuatino,

Habari za Auckland na joto lake? Sisi huku kisiwani wazima, Mama naye hajambo, ila macho yamekwisha kabisa. Kiti cha magurudumu kimefika. Kila Jumapili tunamsukuma hadi kanisani, mchungaji mwenyewe anakisifu. Asante sana.

Mdogo wako,
Peniamina

Auckland, 21 Aprili

Peniamina,

Hamjambo huko? Shangazi amenitumia picha za harusi iliyofanyika hapo kwenu. Nyuma ya bibi harusi nimekiona kiti cha Mama. Kimebeba ndoo mbili za makombo ya nguruwe, uji unachuruzika hadi kwenye matairi. Mama anakalia nini? Usinijibu. Nakuja.

Dada yako

Auckland, 17 Mei

Peniamina,

Nimerudi salama. Sikuulizi hali, nimeiona. Wiki nzima sijala nyama. Nikifumba macho naona kile chumba cha nyuma, mkeka umelowa mkojo, kidonda cha nyongani kina nzi, na wewe ukumbini unakula majimbi ya nazi, unanikaribisha, "Kaa basi, dada, ule kwanza!" Nile? Na harufu ile? Nilimwosha siku tatu, nikamwomba aje kwangu, akageukia ukutani. Umemtia hofu gani? Unanitia kinyaa.

Fuatino

Savaii, 2 Juni

Dada,

Natumai u mzima. Uliyoyaona ni kweli, sitajitetea. Kiti kilizama mchangani, Mama akakichoka, mimi nikakipa ndoo. Nimekisugua kwa sabuni, bado kinanuka. Hata mimi najinukia. Kidonda nakiosha kila asubuhi, kimeanza kukauka.

Lakini nawe ulilala hotelini. Ulimwosha mama yako umevaa glavu na barakoa, hukuzivua hata ulipombusu. Kila ulipomgusa ulikuwa unasema "Ee Mungu wangu," na si kwa sala. Haoni, dada, ila anasikia.

Gari lako lilipoondoka aliniita.

"Penia, yule nesi ameshakwenda?"

"Ameshakwenda, Mama."

"Haya. Sasa mwambie binti yangu aingie."

Nikatoka nje nikasimama. Niliporudi alikuwa amekaa kitako, amejifunika vizuri, anasubiri. Mpaka leo hajaniuliza tena.

Mdogo wako,
Peniamina