Koo la Wimbo wa Mwisho

Dada yangu mpenzi,

Nakusalimu kwanza kabla sijakasirika, maana nikishaanza hasira salamu nitazisahau. Hujambo wewe, hajambo shemeji, na binti yako, bibi harusi wetu, anaendeleaje? Sisi huku ni wazima. Baba anakula vizuri, na ameanza tena kushuka karakanani asubuhi kukagua makochi yangu. Anabonyeza sponji kwa kidole gumba na kutikisa kichwa, kana kwamba mimi ni mwanafunzi wake hadi leo.

Barua yako niliipata. Umeniomba nimshawishi Baba akubali kwamba siku ya harusi avae suti, akae meza ya mbele na kutabasamu, na hotuba ya babu aitoe Baba Mdogo kwa niaba yake. Umesema sauti yake tangu apasuliwe koo itawatisha wakwe, na watoto watalia. Umesema unataka kumlinda asiaibike. Niliikunja barua nikaenda kupiga dramu mpaka jirani akagonga ukuta. Leo nakujibu, ila nitapita njia ndefu kidogo, univumilie.

Unajua kwamba bendi yetu imetoa rekodi. Ndiyo, ile fujo yetu, deth metali ya kikatili kabisa, muziki wa magitaa mazito na kunguruma, ambayo uliwahi kusema haimfai mwanamke mwenye kazi yake ya heshima. Tuliirekodi hapa hapa karakanani siku za mapumziko, kwa sababu sponji na vitambaa vya makochi vinameza mwangwi vizuri ajabu. Mimi dramu, kinyozi gitaa, mwalimu wa hesabu besi, na mwimbaji ni yule muuza viatu tunayemwita Chura, kwa sauti na kwa macho pia.

Basi mashabiki, Dada! Ni wachache, lakini kila mmoja ana maneno ya watu kumi. Rekodi ilipotoka, kundi letu la simu liliwaka moto. Mmoja alisema dramu yangu ndogo inalia kama sufuria tupu. Mwingine akamjibu kwamba sufuria ndiyo raha yenyewe, na anayetaka ulaini akasikilize nyimbo za kubembelezea watoto. Muuguzi mmoja aliandika kwamba akitoka zamu huisikiliza ndipo apate usingizi. Yupo aliyelalamika kwamba rekodi ni fupi mno, na mkewe akaandika chini yake kwamba majirani wao wanaiona inatosha kabisa. Wazee wa kundi, ambao hata ndevu hazijawakolea, wakadai rekodi ya kwanza ilikuwa kali zaidi, sasa tumelegea. Niliwajibu wote, tena bila adabu. Nilegee mimi, niliyemaliza kurekodi kifundo cha mkono kimevimba?

Kilichowapatanisha wote, kisha kikawagombanisha upya, ni sauti ya wimbo wa mwisho. Katika muziki wetu maneno hayasikiki. Mtu ananguruma kutoka tumboni, na shabiki anapima koo lake kama fundi anavyopima mbao. Wote walikubali kwamba koo la wimbo ule ni zito kuliko yote waliyowahi kusikia. Mmoja akaapa kwamba ni kompyuta. Mwingine, anayejiona profesa wa kunguruma, akaeleza kwa kirefu kwamba huo ni ufundi wa kuvuta pumzi kwa ndani, na wanaouweza wanahesabika. Wakatukanana. Wa kompyuta akajitoa kundini, kisha akarudi kuangalia kama tunamsema. Chura naye alipongezwa mpaka akanuna, masikini, kwa sababu alijua si yeye.

Sasa kaa kitini, Dada. Sauti ile ni ya Baba.

Hatukupanga. Siku hiyo Chura alikuwa na mafua, sauti imekauka, tukawa tunarekodi ala tu na maikrofoni yake tumeisahau wazi. Baba akaingia, akakuta kinyozi ameweka kopo la misumari juu ya kochi jeupe la mteja. Unamjua Baba na kochi la mteja. Alifoka, akauliza kinyozi kalelewa wapi, akataka misumari iondoke hapo mara moja. Tuliposikiliza tulichorekodi, hakuna aliyecheka. Baba akaomba arudishiwe, akasikiliza ameinamisha kichwa. Nilidhani ameumia. Kumbe anakosoa! Alisema pumzi imekatika katikati, na kazi kama inafanywa, ifanywe sawasawa. Akakaa, akavuta maikrofoni, akausema wimbo mzima kutoka karatasi ya Chura. Hakulazimisha koo wala hakuongeza kitu. Ni sauti ile ile anayoombea chumvi mezani.

Maoni ya mashabiki nimemsomea yote. Kwa profesa alicheka hadi akashika ubavu. Halafu nikamsomea la mwanamke mmoja aliyeandika kwamba anamsikia mtu aliyetoka mahali pabaya na haoni sababu ya kunong'ona. Hapo aliniomba nilisome tena. Baadaye akaniambia kwamba tangu apasuliwe aliamini kinachotoka mdomoni mwake ni makombo ya sauti, na hakujua kwamba kuna mtu angekaa kuyasikiliza. Nililia, sikufichi. Daktari hajamkataza kusema, Dada. Tuliomkataza ni sisi, kwa upole, kwa kumkimbizia maji kila akifungua mdomo. Nawe ukipiga simu akapokea yeye, neno lako la kwanza ni kuniulizia mimi.

Barua yako nilimpa aisome mwenyewe. Amesema Baba Mdogo asijisumbue. Hotuba ataitoa yeye, bila karatasi, huku akimtazama mjukuu wake usoni. Mtoto atakayelia apakatwe, kwani watoto hulia hata wakivalishwa viatu. Na wakwe wakitishika, mimi naongeza, vizuri sana: wajue bibi harusi ana kwao. Ukimnyima maikrofoni nitakuja na dramu zangu ukumbini, na wala usidhani natania.

Msalimie shemeji, na bibi harusi mwambie mama yake mdogo anamshonea mito ya kochi kwa mkono wake. Salamu za Baba hazimo humu. Nilitaka kuziandika akanikataza, akasema atakupigia Jumapili mchana akusalimu mwenyewe. Akipiga, usiulize kama nipo. Msikilize mpaka amalize.

Ni mimi mdogo wako,
Nyundo