Mapanga Mapya ya Jairo

Jumatatu, 10 Novemba 2025

Mahindi tena. Magunia thelathini yamemwagwa kwenye turubai mbele ya stoo ya Anko Waithaka, na mimi hapa juu ya kiti cha plastiki, mkuu wa nafaka zote za Rongai. Kazi: kufukuza kuku. Kufukuza mbuzi. Kugeuza mahindi kwa miguu kila saa. Kutazama mawingu. Hata choo naenda mbio. Gereza lenye ukuta ni afadhali — ukuta unaweza kuutoboa. Hili langu halina ukuta, utatoboa nini?

Niliacha shule Form Two. Kuna wanaosema shule ndiyo iliniacha. Tusibishane.

Lakini mimi si mtu wa mahindi, mimi ni mtu wa anga! Kipkemoi, rafiki ya Anko anayefanya kazi kule Olkaria kwenye mitambo ya umeme wa mvuke, alinipa otojairo yake ya rimoti alipochoka nayo. Watu wanaiona wanasema helikopta. Washamba! Helikopta mota inazungusha mapanga ya juu. Jairo mota iko puani, inavuta kama ndege ya kawaida, na mapanga ya juu yanazungushwa na upepo tu. Bure kabisa. Upepo ukipita chini yake, yanazunguka yenyewe na kubeba kila kitu. Aliyebuni hiyo kitu alikuwa na akili karibu kama zangu.

Shida: mapanga aliyonipa Kipkemoi ni mepesi kama biskuti, moja lina selotepu mara tatu. Jairo inaruka kama kuku aliyekatwa bawa. Hop, hop, pua chini.

Leo ndio nimepata sababu ya kuyabadilisha. Wangare, binti ya Anko, alinichezea voice note kwa simu ya mama yake. Madam Zeddy wa Nakuru, wa zile droni za kunyunyiza dawa mashambani, anatafuta vijana wawili wa kufunza. Cheti hataki! Anataka video ya dakika tatu, chombo ulichokitengeneza mwenyewe kikiwa hewani, bila kukatwa hata sekunde. Mwisho Jumapili ya tarehe 23, saa sita mchana. Na kama hujafika miaka kumi na minane, mlezi wako aitazame hiyo video yote, kisha amtumie Madam sauti kwamba amekubali uende.

Nina kumi na saba. Mlezi wangu ni Anko. Hapo tutafika.

Jumatano, 12 Novemba

Nimepata mbao! Chesang, seremala wa Molo, amenitumia vipande vya saipresi kwa lori la viazi. Dereva akanitupia kama anamtupia mbwa mfupa. "Kamande, unajenga jeneza la panya?" Nikamwambia najenga kitu ambacho lori lake halitawahi kukiona isipokuwa likitazama juu.

Mbao zenyewe baridi, nzito, zinanuka Molo. Nikafanya kama Anko anavyofanya mahindi — mashine ya kupima unyevu iko stoo lakini haiamini, yeye anauma punje: ikilia ka! imekauka, ikinyamaza bado. Nikauma saipresi. Ilinyamaza. Pia meno yangu yamebaki hapo kama muhuri.

Jumla ya masaa niliyotoka nje ya geti wiki hii: sifuri.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimechonga mawili. Randa ya Anko, kipande cha chupa, msasa. Ukingo wa mbele mnene na wa duara, wa nyuma mwembamba kama karatasi, mgongo umepinda kama mgongo wa samaki, tumbo bapa. Mapana kuliko yale ya zamani kwa kidole kimoja, marefu kwa vidole vitatu. Mazito pia — Kipkemoi aliniambia kwa simu kwamba panga jepesi linasahau haraka, panga zito likianza kuzunguka linaendelea kukumbuka. Huyo mzee angekuwa mwalimu wangu ningekuwa Form Four sasa.

Yalikuwa bado na unyevu. Nimeyaanika kwenye turubai kando ya mahindi, jua kali la Rongai. Kesho yatalia ka!

Anti Truphosa, mke wa Anko, amepita, ametazama, amesema: "Hayo ni ya kusongea ugali?" Nikamwambia, Anti, ni ya kusongea mawingu. Amecheka mpaka akaweka ndoo chini.

Jumapili, 16 Novemba

Wote wako kanisani isipokuwa mimi na kuku. Mahindi hayana Sabato. Anko akasema Mungu ananiona hata nikiwa hapa — ndio, lakini Mungu hafukuzi mbuzi.

Nikafunga mapanga mapya. Nikaweka jairo kwenye kile kipande cha murram, udongo mwekundu ulioshindiliwa, kati ya stoo na shamba la nyuma, nikayazungusha kwa mkono, nikawasha mota. Ilitetemeka! Si kutetemeka kidogo — kama mtu mwenye malaria amepanda pikipiki. Ikalala ubavu, panga moja likakata mkia, lingine likavunjika lenyewe.

Nilikaa chini kwenye murram. Sikulia. Vumbi lilikuwa jingi.

Wangare aliporudi aliokota vipande, akafumba jicho moja, akatazama kwa urefu. Akaanza kucheka. Yaani alilala juu ya gunia kwa kucheka. "Cuzo, uligeuza haya?" Nikamwambia hapana, nani anageuza mbao? "Mahindi unageuza kila saa kwa hiyo miguu yako mikubwa, mapanga umeyaacha upande mmoja siku mbili!"

Kweli. Juu palikauka, chini palibaki na unyevu wa Molo. Mbao ikajipinda. Nilizianika kama mahindi, na hata kama mahindi sikuzianika vizuri. Rubani wa mahindi, ndilo jina amenipa. Nitamlipizia.

Jumanne, 18 Novemba

Mkia nimeuunga kwa gundi. Sasa mapanga ya pili. Haya sikuyapeleka juani. Mbao zilizobaki zilikuwa ndani ya stoo tangu Jumatano, kivulini, zimebanwa kati ya magunia. Zimekauka polepole kwa adabu. Zimenyooka kama mashahidi wa Yesu.

Nimeyapima kwa mizani ya uzi: sawasawa! Nikajisifu dakika kumi. Wangare akachukua kisu, akakilaza makali juu, akaweka panga moja juu yake mpaka likasimama bila kuegemea popote, akatia alama ya penseli. Akaweka la pili. Alama hazikulingana. Moja uzito wake uko karibu na kitovu, lingine uko karibu na ncha. "Uzito ni sawa," akasema, "lakini hili limeshiba tumboni na hili limeshiba miguuni." Nani alimfunza huyu? Fizikia ya Form Three, akasema. Nikamwambia Form Three inasifiwa kupita kiasi. Halafu nikakwangua pale aliponionyesha.

Pia kabari: vipande viwili vyembamba nimekata kwa jerikeni ya mafuta ya kupikia, vinaingia chini ya mzizi wa kila panga ili ukingo wa mbele uiname kidogo. Ukiinua badala ya kuinamisha, upepo unasukuma mapanga badala ya kuyazungusha. Hiyo nilijua mwenyewe. Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine atakayeandika.

Alhamisi, 20 Novemba

IMERUKA.

Sekunde arobaini. Haikutetemeka hata kidogo! Sauti — ile tu-tu-tu-tu laini, kama mtu anapuliza pumzi mkononi. Nimeishusha polepole karibu isimame hewani, ikakaa chini kama mama mzee anakaa kanisani.

Wakati wa chai nilijaribu. Nikasema, Anko, nikipata nafasi Nakuru ya kusomea droni… Hakuinua kichwa. "Na mahindi yangu yataanikwa na nani, malaika?" Nikasema Wangare amefunga shule. Akasema Wangare ana vitabu. Kisha akanimiminia chai zaidi, akaniongezea sukari bila kuuliza, kijiko cha tatu, vile napenda. Hapo ndipo shida yangu ilipo. Angekuwa mbaya ningeshatoroka zamani. Mama yangu alipougua ni yeye alikuja kunichukua na hili begi langu. Sasa utamtoroka mtu kama huyo kwa mlango upi?

Ijumaa, 21 Novemba

Mvua mchana kutwa. Turubai juu ya mahindi, mimi juu ya gunia. Lori la mnunuzi linakuja Jumatatu na huyo mnunuzi haumi punje, ana mashine yake. Mahindi yakizidi unyevu anayakataa yote, na yakikaa hivyo yanaota kuvu, hata ng'ombe hutampa. Anko amesimama mlangoni anatazama juu kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Kesho lazima yapate jua, amesema. Kesho lazima. Alikuwa ananiambia mimi au anaomba, sijui.

Jumamosi, 22 Novemba. Saa nne asubuhi

Jua! Anko na Anti wamekwenda mazishi Molo. Akiwa tayari ndani ya gari akateremsha kioo: "Kamande. Macho juu." Nikasema, Anko, macho yangu yanaishi juu. Anti ameacha simu yake kwa Wangare kwa ajili ya wateja wa stoo.

Betri imejaa. Upepo bado mdogo. Tunangoja.

Saa kumi na mbili jioni

Naandika haraka.

Upepo ulikuja saa nane. Mzuri, wa mfululizo, kutoka upande wa Menengai. Wangare akashika simu, akabonyeza, akahesabu moja, mbili, tatu. Nikawasha mota. Jairo ikakimbia hatua sita tu, ikainuka.

Sina maneno ya kujisifu, na hiyo haijawahi kunitokea. Ilipanda juu ya shamba, ikageuka, jua likapita kwenye mapanga yale niliyoyachonga kwa chupa, yakawa duara moja la mwanga. Nilichora nane hewani. Nikapiga nane nyingine kinyume. Nilikuwa juu kule. Huku chini kulikuwa na viatu vyangu tu.

Tone la kwanza likaniangukia shingoni. Sikutazama juu. Mimi! Macho yangu yalikuwa kwenye jairo, na wingu lilikuwa nyuma yetu, upande wa Molo.

"Kamande, mahindi!"

Nikauliza dakika ngapi. "Moja na hamsini." Angeacha simu, video imekatika. Ningeacha rimoti, jairo imekufa. Mikono minne, na hakuna hata mmoja wa kuvuta turubai. Ningeweza kuishusha. Niseme ukweli hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: kuishusha ni sekunde kumi na tano. Nilijua. Betri ni moja, kuichaji ni masaa, na mvua ikianza saa nane haikatiki mpaka kesho. Nilijua hiyo pia.

"Mahindi yanalowa, we! Mahindi!"

"Usizime!"

Nilisikia matone kwenye mabati, kisha kwenye mahindi — yana sauti yake, mahindi, kama watu wengi wananong'ona. Niliendelea kuruka. Dakika tatu na sekunde sita. Nikaishusha ndani ya mvua, ikakaa wima, vizuri kuliko siku zote.

Kisha tukakimbia. Tulikunja turubai, tulisukuma kwa majembe, kwa mikono, kwa matumbo. Nusu tuliokoa. Nusu imelowa kabisa. Tumeimwaga ndani ya stoo, chini, kote, hakuna pa kukanyaga. Wangare hakunitania hata neno moja. Alisema tu, tutasema ulilala. Watu husinzia. Anko atakupiga kelele na itaisha.

Nikafikiri sana. Nikisema nililala, hiyo video haipo. Maana yote yamo mle ndani: turubai nyuma, mvua, sauti ya Wangare, sauti yangu. Na bila kukatwa, ndivyo Madam anavyotaka. Na mlezi aitazame yote.

Walifika saa kumi na moja. Anko aliingia stoo akasimama mlangoni, akainama, akachukua punje moja, akaiuma. Haikulia. Hakuniuliza kitu. Pengine angeuliza ningesema nililala. Hakuuliza, na mimi nikasikia mdomo wangu: "Anko, kuna kitu uone kwanza." Nikampa simu. Nikamweleza Madam Zeddy, Nakuru, dakika tatu, sauti yake inayotakiwa kabla ya saa sita kesho. Niliongea kama mtu anakimbizwa. Akachukua simu, akaingia chumbani, akarudisha mlango. Amekaa humo muda bila kuifungua video, ndiyo maana nimepata kuandika yote haya.

Mimi niko hapa kwenye gunia, ukuta ni wa mbao, nasikia kila kitu.

Mota. Tu-tu-tu-tu. Wangare anasema wow.

Sasa mvua. Mvua ya ndani ya simu. Ya nje imepungua.

"Kamande, mahindi!"

"Usizime!" Hiyo sauti ni yangu? Inatisha.

Bado anatazama. Anti amemwita chakula, hajaitika.

Imeisha. Kiti kimelia. Sasa anakuja.

Haji.

Wangare, ndani ya simu: moja, mbili, tatu. Anko ameirudisha mwanzo.